Skrini Iliyosomwa Kabla Haijaanza: Uchambuzi wa Kisa cha Timu Moja ya Sekondari Marekani

Timu na mazingira yake

Timu inayozungumziwa hapa ni ya shule ya sekondari katika jimbo mojawapo la katikati ya Marekani. Inacheza futiboli ya Kimarekani. Jina la shule, mwaka, wapinzani na wachezaji vimeondolewa, na michezo michache imepangwa upya pale ambapo mpangilio halisi ungeitambulisha timu.

Maelezo machache kwa aliyezoea soka. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Katika kila jaribio inaruhusiwa pasi moja tu ya kwenda mbele, nayo lazima irushwe kutoka nyuma ya mstari wa mpira, yaani mstari wa kufikirika unaokatiza uwanja pale mpira unapoanzia. Watu watano wa safu ya mbele, yaani senta, magadi wawili na mateko wawili, kazi yao ni kuzuia, pasi hawapokei. Anayerusha ni kwotabeki. Nyuma au kando yake husimama mkimbiaji.

Pasi ya skrini ni mtego. Safu ya mbele inajifanya imezidiwa, wavamizi, yaani walinzi wanaotaka kumwangusha kwotabeki, wanapita na kumkimbilia kwotabeki, naye anauinua mpira juu ya vichwa vyao na kumpa mkimbiaji aliyejificha pembeni, nyuma ya mstari. Wavamizi wakigeuka wanakuta mkimbiaji ana magadi na senta mbele yake, na waliobaki kumkabili ni wachache na wadogo wa mwili.

Timu hii ilikuwa na sababu nzuri ya kuitaka skrini. Mkimbiaji wake alikuwa mwepesi na mwenye mikono mizuri ya kupokea, lakini mateko walikuwa wazito wa miguu na kwotabeki alikuwa akiangushwa mara kwa mara. Kocha wa mashambulizi aliona skrini itawapunguzia wapinzani hamu ya kuvamia. Wazo hilo hutolewa kila msimu na makocha wengi, na nusu yake ni sahihi. Nusu nyingine husahaulika: gadi asiye na miguu ya kumkinga kwotabeki hatakuwa na miguu ya kumfukuzia beki mwepesi kwenye uwanja wazi. Bahati ya timu hii ni kwamba ubovu ulikuwa kwa mateko. Senta na magadi waliweza kukimbia.

Mchezo ulivyochorwa

Kitabuni mwao kulikuwa na skrini za aina tano: ya taratibu kwa mkimbiaji kulia, hiyo hiyo kushoto, ya katikati, ya mpokeaji anayerudi ndani, na ile fupi ya haraka kwa mpokeaji wa pembeni. Kisa hiki kinahusu ile ya taratibu kulia, maana ndiyo waliyoitegemea na ndiyo iliyowaangusha.

Kwotabeki anasimama yadi 5 nyuma ya senta. Mpira ukitolewa anarudi hatua tatu akitazama kushoto, anasubiri kidogo, kisha anarudi hatua mbili tatu zaidi huku wavamizi wakimfuata. Teko wa kulia anarudi nyuma kwa kina na kumwachia endi, yule mvamizi wa pembeni, njia ya nje. Gadi wa kulia, senta na gadi wa kushoto wanapokea mshtuko, wanashikilia kwa muda wa kuhesabu mbili, halafu wanawaachia watu wao na kutoka kuelekea kulia sambamba na mstari. Teko wa kushoto anabaki kukinga. Mkimbiaji anapiga hatua ya kuzuia, anajifanya kumtafuta mvamizi, kisha anateleza nyuma ya teko wa kulia na kusimama yadi 4 nyuma ya mstari. Wapokeaji wanakimbia mbali kuwachukua mabeki.

Kwenye karatasi hakuna kosa hapo. Huo ndio mchoro unaokutana nao karibu kila mahali.

Yaliyotokea

Mechi ya kwanza, jaribio la tatu, zimebaki yadi 9. Skrini inaitwa. Magadi na senta wanaondoka mara tu baada ya kugusana na wapinzani, wala hawakufikisha hesabu ya moja. Mvamizi wa katikati anasukuma na kukuta hewa. Mvamizi mwenye uzoefu anajua kwamba safu haimwachii mtu bure, kwa hiyo huyu alisimama, akageuka, akamfuata senta mgongoni. Mpira ulifika kwa kuchelewa na juu kidogo. Mkimbiaji aliurukia, na alipotua mvamizi yule alikuwa ameshamkumbatia. Walipoteza yadi 3.

Mechi ya pili, hali ile ile: jaribio la tatu, yadi nyingi. Safari hii magadi walishikilia vizuri, lakini teko wa kulia hakurudi nyuma. Timu ilikuwa ikikimbiza mpira, yaani kukimbia nao mkononi, zaidi kuliko kurusha, na mwili wake ulishazoea kumrukia endi pale pale mstarini. Endi akazuiwa alipo, akasimama mikono juu katikati kabisa ya njia ya mpira. Kwotabeki akarusha, endi akaupiga kofi, ukaanguka chini.

Mechi ya tatu skrini ilifanya kazi, kisha ikafutwa. Mkimbiaji hakusimama alipotakiwa. Alikuwa na haraka, akasogea mbele akiwa bado anamtazama kwotabeki, na akapokea mpira yadi moja mbele ya mstari. Gadi wa kulia alikuwa tayari amemfikia lainibeka, mlinzi wa safu ya pili, na kumsukuma, yadi kadhaa mbele. Mkimbiaji akakata yadi nyingi, benchi likashangilia, halafu macho yakarudi kwenye kitambaa cha njano, ishara ya mwamuzi kwamba kuna kosa, kilicholala kwenye nyasi.

Kanuni hii inawaponyoka wengi. Chini ya kanuni za kitaifa za sekondari, mtu wa safu haruhusiwi kuwa zaidi ya yadi 2 mbele ya mstari kabla ya kuachiwa pasi inayovuka mstari huo. Vyuoni ni yadi 3, na kwenye ligi ya kulipwa ya NFL ni yadi 1. Katika sekondari, pasi isipovuka mstari katazo hilo halihusiki, na kumzuia mlinzi mbele kabla mpira haujapokewa si kosa. Kwa hiyo yadi moja ya mkimbiaji iligeuza kazi halali ya gadi kuwa kosa. Gadi hakuwa amekosea chochote, ingawa yeye ndiye aliyetajwa namba na mwamuzi.

Mechi ya nne ndiyo iliyouma. Wapinzani walikuwa wakikaba mtu kwa mtu, na lainibeka mmoja alikuwa amepewa mkimbiaji tu. Kila skrini ilipoanza, yeye hakuangalia kitu kingine. Alipita kati ya magadi kabla hawajajipanga akamgonga mkimbiaji mpira ukiwa haujatulia mikononi. Kwenye skrini ya mwisho ya usiku huo walinzi watatu walikuwa wakionyesha upande wa kulia kwa vidole kabla mpira haujatolewa.

Maamuzi, na kwa nini yalichukuliwa

Uamuzi wa kwanza ulifanyika baada ya mechi ya pili: mazoezi ya ziada kati ya kwotabeki na mkimbiaji, dakika kumi kila siku, bila walinzi. Lilikuwa jambo la kueleweka. Makocha walikuwa wakitazama video iliyopigwa kutoka juu ya jukwaa la pembeni, na mpiga picha hufuata mpira. Kwenye video hiyo unaona pasi mbaya. Huoni kwa nini ilikuwa mbaya. Mazoezi yakairekebisha pasi kweli, ikawa laini na ya wakati, lakini mchezo ukaendelea kufa. Urushaji ulikuwa dalili tu: kwotabeki alirusha juu kwa sababu endi alikuwa amesimama mbele yake, na alichelewa kwa sababu mkimbiaji alikuwa bado anatafuta nafasi.

Baada ya mechi ya nne walibadilisha pembe ya kutazama. Kamera ilipandishwa kwenye mlingoti nyuma ya goli, mahali ambapo unawaona watu watano wa safu kwa mgongo na wavamizi kwa uso. Wakarudia video za mazoezi na za mechi, mchezo mmoja mmoja, kwa kusimamisha picha kabla mpira haujatolewa.

Hapo ndipo ulipoonekana mkono wa gadi wa kulia. Timu yao huanza na mkono mmoja chini. Mchezo ulipokuwa wa kukimbiza mpira, gadi aliegemea mbele na uzito wote ukaenda kwenye vidole, hadi viungo vya vidole vikabadilika rangi na nyasi zikalala. Ilipoitwa skrini, vidole viligusa majani tu, makalio yakashuka, na uzito ukahamia visiginoni. Ukishaonyeshwa mara moja huwezi tena kuacha kuiona. Mkimbiaji naye alisogea nusu hatua karibu na teko kila ilipoitwa skrini ya kulia, ili asichelewe. Ukiongeza kwamba skrini zote za taratibu zilikuwa zimeitwa kwenye jaribio la tatu na yadi nyingi, wapinzani hawakuhitaji ujasusi wowote. Waliusoma mtego ukiwa bado unategwa.

Kuanzia hapo maamuzi yalikuja kwa mkupuo.

Skrini mbili zilifutwa kitabuni. Zilibaki ya taratibu, kulia na kushoto, na ile fupi ya haraka, ambayo kwa kweli ni namna nyingine ya kukimbiza mpira pembeni. Hoja ilikuwa muda. Skrini ya taratibu inataka watu sita wasikilizane kwa sekunde tatu hivi, na timu ya sekondari haina saa za kufundisha michezo mitano ya aina hiyo ikajua hata mmoja.

Safu ya mbele ilifundishwa upya kudanganya. Kila mtu hupokea mshtuko kwa mikono miwili na kurudi kama anavyorudi kwenye pasi ya kweli, anahesabu mbili kwa sauti mazoezini, kisha anashindwa upande mmoja. Neno kushindwa lilisisitizwa: mvamizi lazima aamini ameshinda. Anayemwachia mtu wake kwa kumkwepa anamwambia kuna jambo. Teko wa kulia alipewa kazi moja tu wiki nzima, kurudi hatua tatu za kina na kumwacha endi apite nje, halafu kumsukuma apite nyuma ya kwotabeki.

Baada ya kutoka, magadi hawaendi mbele hadi wasikie sauti ya mkimbiaji anayepiga kelele mara mpira unapotua mikononi. Kabla ya hapo wanatembea sambamba na mstari, nyuma yake au juu yake. Gadi wa kulia, wa kwanza kutoka, anamchukua mlinzi wa nje kabisa, mara nyingi konabeki, beki wa pembeni. Senta anamchukua wa kwanza anayemwona kwa ndani, kwa kawaida lainibeka. Gadi wa kushoto, wa mwisho, anatazama kwanza nyuma kwa anayefukuza. Asipokuwepo, anapanda kwa sefti, beki wa nyuma kabisa. Yadi mbili kabla ya kukutana na mtu hatua zinakuwa fupi. Lengo si kumwangusha, ni kuwa kati yake na mkimbiaji. Watu wazito wakiingia kwa kasi kamili mbele ya beki mwepesi hupigwa chenga moja wakabaki wamelala.

Kwenye uwanja wazi sheria nayo inambana mtu wa safu. Katika sekondari kuzuia chini ya kiuno kunaruhusiwa tu ndani ya eneo dogo kuzunguka mahali mpira ulipoanzia, yadi 4 kila upande wa mpira na yadi 3 nyuma ya kila safu, na kwenye skrini wazuiaji wameshatoka humo. Anayegeuka kumkabili mfukuzaji asiyemwona lazima aanze kwa viganja vilivyofunguka. Akitumia bega ni adhabu ya yadi 15. Mazoezini gadi wa kushoto alipenda bega, na iliwachukua muda kumtoa huko.

Mkimbiaji alipewa sheria nne. Anza pale pale unapoanzia kwenye michezo mingine yote. Mvamizi wa ziada akija kwako, mgonge kwanza ndipo uende, maana kwotabeki akianguka skrini yako haina maana. Simama yadi 4 nyuma ya mstari, miguu imetulia, pokea, geukia ndani. Baada ya hapo fuata nyonga ya gadi na usimpite hadi ameshagusana na mtu. Hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa kijana mwenye mbio.

Kwa kwotabeki, kilichobadilika zaidi ni alichoambiwa afanye mambo yakiharibika. Awali alikuwa akishikilia mpira hadi anaangushwa, au akiurusha kwa matumaini. Sasa akimwona mkimbiaji amekabwa anaupiga chini miguuni pa mkimbiaji huyo. Kwa kuwa kuna mpokeaji halali karibu, si kosa la kutupa mpira makusudi, na timu inapoteza jaribio moja bila kupoteza yadi.

Mwisho, wakati wa kuita. Skrini ya taratibu iliondolewa kwenye jaribio la tatu kwa wiki mbili nzima na kuhamishiwa jaribio la kwanza na la pili, upande wa uwanja ulio mpana. Uwanja wa sekondari una futi 160 kwa upana na alama za ndani, ambazo mpira hauanzi jaribio nje yake, zinaugawa sawa mara tatu, hivyo mpira ukianzia alama ya kushoto kuna zaidi ya yadi 35 upande wa kulia. Magadi wana mahali pa kwenda. Kabla ya kuita, mpokeaji mmoja anatembezwa toka upande mmoja hadi mwingine. Mlinzi akimfuata, dalili ni ya kukaba mtu kwa mtu, na kwotabeki anabadili mchezo.

Matokeo

Hapakuwa na muujiza. Skrini ikawa mchezo wa kawaida unaopata yadi 5 au 6, mara moja moja ikafunguka. Mfano mzuri zaidi ulitokea jaribio la pili, zimebaki yadi 7, mpira alama ya kushoto. Endi alipita nje ya teko akafika kina cha yadi 7 kabla hajageuza kichwa. Pasi ilipita juu yake bila presha, gadi wa kulia akamfunga konabeki kwa nje, mkimbiaji akasubiri pumzi moja, akakata ndani yake. Yadi 18.

Faida kubwa ilikuja kwenye michezo isiyo ya skrini. Endi akishapitwa na mpira juu ya kichwa mara mbili huanza kusita hatua ya pili, akitafuta alipo mkimbiaji. Kusita huko ndiko mateko wazito walikokuwa wakikuhitaji. Kwotabeki alianza kupata muda kwenye pasi za kawaida, na benchi lilipohesabu yadi za skrini peke yake lilikuwa linahesabu sehemu ndogo ya ilichoingiza.

Dhidi ya timu moja iliyokaba mtu kwa mtu mechi nzima, skrini ya taratibu ilishindwa tena, ingawa safari hii bila hasara: mipira miwili ilipigwa chini miguuni pa mkimbiaji, na timu ikahamia kwenye pasi fupi za kukatisha.

Uchambuzi

Kati ya makosa yote, uzito mkubwa unaangukia udanganyifu hafifu wa safu ya mbele pamoja na tabia ya kuita mchezo kwenye hali ile ile. Mengine yalifuata hapo. Mkimbiaji alisogea mbele kwa sababu alishazoea kugongwa nyuma ya mstari. Kwotabeki aliharakisha au kuchelewa kwa sababu hakuwahi kuona picha ile ile mara mbili. Ukirekebisha mikono ya kwotabeki bila kugusa miguu ya teko, unapaka rangi ukuta wenye unyevu.

Kilichofaa zaidi kilikuwa kamera ya nyuma ya goli. Ni gharama ya mlingoti na mtu mmoja, na bila hiyo uamuzi wa kwanza ungerudiwa hadi mwisho wa msimu. Kupunguza skrini kutoka tano hadi tatu nako kulisaidia, ingawa kufuta ile ya katikati kunabishaniwa: dhidi ya wavamizi wanaoingia kwa pembeni, kama endi wa timu hizo, ni mchezo mzuri, na wazuiaji wake hawana safari ndefu. Ingeweza kubaki badala ya ile ya kushoto, ambayo iliitwa mara chache mno.

Kuna tahadhari kuhusu matokeo. Wapinzani wengi wa nusu ya pili ya msimu walikaba eneo, na ulinzi wa eneo humpa mkimbiaji nafasi ya kupotea kwa sababu hakuna aliyepewa yeye binafsi. Sehemu ya mafanikio ni ya ratiba. Pia ule mchezo wa geresha, ambamo kwotabeki anaonyesha skrini kisha mpokeaji anakimbia nyuma ya walinzi waliokimbilia mbele, uliingizwa wiki ya mwisho tu, wakati ambapo ungefaa kuingia pamoja na skrini yenyewe. Walinzi wanaoonyesha kwa vidole upande wa kulia ndio hasa wa kufanyiwa geresha hiyo, na mechi ya nne ilikuwa imewaletea nafasi mkononi.

Jambo la mwisho kwa timu yenye benchi fupi. Gadi wa kulia alipoumia kifundo cha mguu, aliyeingia badala yake alijua majukumu yote kwa mdomo. Mechi yake ya kwanza aliondoka kwenye hesabu ya moja, mvamizi akamfuata mgongoni, na hasara ikawa yadi 3, sawa na mechi ya kwanza. Hakuwa amewahi kufanya mazoezi ya skrini na senta yule. Mazoezi yote alikuwa upande wa walinzi, akiigiza mpinzani. Wiki iliyofuata makocha waliwagawia dakika za skrini magadi watatu badala ya wawili, wakizungushana upande wa kulia.